Barua ya wazi kwa Afisa Elimu Sekondari: tunaomba mwalimu wa Baiolojia kabla ya Mei

Ndugu Afisa Elimu,

Yah: Kidato cha sita kukosa mwalimu wa Baiolojia

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi wa binti anayesoma kidato cha sita, tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), katika shule ya serikali iliyo chini ya ofisi yako huku Moshi, na pia ni mtaalamu wa maabara mstaafu. Ninakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizoleta ofisini kwako zilipokelewa, zikagongwa muhuri, na mpaka leo hazijajibiwa.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mtihani wa utamilifu wa wiki iliyopita. Katika Baiolojia ya vitendo, mtahiniwa alitakiwa kumpasua panya, kuuonesha mshipa unaopeleka damu kutoka utumboni hadi kwenye ini, kisha kuchora alichokiona. Panya hawakuwapo, wala hakuwapo mtu wa kuwaandaa. Panya akachorwa ubaoni kwa chaki, na vijana wetu wakanakili mchoro ule kwenye karatasi zao za majibu. Binti yangu aliponisimulia alikuwa na aibu, kana kwamba kosa ni lake.

Ndugu Afisa Elimu, kupasua panya hakukaririwi. Ngozi hukatwa huku ncha ya mkasi ikiwa imeinuliwa, kwa sababu anayeizamisha hutoboa ini, damu ikafunika kila kitu, na mshipa unaotafutwa hauonekani tena. Mkono hulijua hilo baada ya kukosea mbele ya mtu anayejua. Kwa hali ilivyo, watoto hawa watashika mkasi huo kwa mara ya kwanza mwezi Mei, ndani ya chumba cha mtihani wa Baraza la Mitihani, saa ikiwa inakwenda.

Vipimo vya chakula navyo ni hivyohivyo. Wanajua kwa kukariri kwamba kimiminika cha Benedikti ni cha buluu, na kwamba kikichemshwa pamoja na sukari kama glukosi hugeuka kijani, kisha rangi ya chungwa, kisha nyekundu ya tofali. Hawajawahi kukiona kikigeuka. Mimi nimepima sukari kwenye mkojo wa wagonjwa kwa Benedikti hiyohiyo kabla vijiti vya kupimia havijaenea, nami nilijitolea kwenda shuleni kuwaonesha bila malipo yoyote. Niliambiwa nisubiri kibali kutoka kwako. Bado ninasubiri, na hadubini za shule bado zimefungiwa kabatini.

Hata hivyo, kibali changu hakitoshi, na nisieleweke vibaya hapo. Mimi si mwalimu. Nililiona hilo jioni moja binti yangu aliponiletea swali la urithi. Nikamweleza selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, jinsi wazazi wawili wenye vinasaba vya ugonjwa huo, wao wenyewe wakiwa wazima, wanavyokuwa na uwezekano wa mmoja kati ya wanne kwa kila mtoto kuzaliwa mgonjwa. Hayo ninayajua kwa kuwa nimewapima watoto hao kwa mikono yangu. Swali lake lakini lilikwenda mbali zaidi. Alikuwa amekariri uwiano wa 9:3:3:1 wa uzao wenye sifa mbili zinazorithiwa kila moja peke yake, ambao mwanasayansi Mendel aliupata kwenye njegere na kuuchapisha mwaka 1866, na swali likamwonesha uzao usiofuata uwiano huo hata kidogo. Jibu ni kwamba jeni zilizo karibu kwenye kromosomu moja, yaani uzi mmoja unaobeba jeni ndani ya seli, mara nyingi hurithiwa pamoja, jambo ambalo mwanasayansi Morgan alilionesha baadaye kwa nzi wadogo wa matunda. Kulitaja hilo niliweza. Kumfundisha namna ya kukokotoa umbali kati ya jeni hizo sikuweza, na darasani kwao hakuna wa kuulizwa.

Mwalimu wao alihamishwa Agosti. Oktoba ulisimama mbele yetu katika kikao cha wazazi ukasema mwalimu mpya angeripoti kabla shule hazijafungwa Desemba. Tulikupigia makofi. Desemba ikapita, Januari wakafungua, na sasa ni Machi.

Ninachokisia ni kwamba kwenye ikama, yaani hesabu ya watumishi, ya ofisi yako shule yetu inaonekana ina walimu wa Baiolojia wa kutosha, kwa sababu wapo wawili wenye stashahada wanaofundisha kidato cha kwanza hadi cha nne. Walimu hao tunawaheshimu, lakini hawakuandaliwa kufundisha kidato cha tano na sita. Kama sababu ni nyingine, basi tuelezwe.

Serikali ilipofuta ada ya kidato cha tano na sita mwaka 2022 tulishukuru sana. Leo ninalipa zaidi ya ile ada, kwa nauli za kwenda mjini na kwa masomo ya ziada ya Jumamosi. Nimemuuza ng'ombe wa maziwa ambaye ndiye aliyekuwa ananinunulia dawa za presha. Sijutii, maana ni mwanangu. Lakini wenzake ambao wazazi wao hawana hata ng'ombe wa kuuza, wao wanasoma Baiolojia na nani? Binti yangu anataka kusomea udaktari hapahapa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC na chuo chake. Ili achaguliwe lazima afaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu, na kufanya vizuri katika mbili hakutafidia ile ya tatu.

Ninakuomba mwalimu mmoja mwenye shahada, anayeweza kufundisha Baiolojia ya kidato cha sita. Kama hawezi kuajiriwa sasa, aazimwe kutoka shule jirani hata kwa siku mbili kila wiki hadi Mei. Panya na kemikali wazazi tuko tayari kuchangia, na tulishasema hivyo kikaoni. Mwalimu hatuwezi kumchangia, huyo anatoka kwako. Naomba aripoti kabla ya likizo ya Pasaka, na naomba safari hii nijibiwe kwa maandishi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi, Moshi