Yah: Laptop Tatu Zisizochaji: Tunapinga Makadirio ya Kubadilisha Mazabodi

Kitengo cha TEHAMA,
Shule ya Sekondari,
Morogoro.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tumepokea majibu ya karakana yenu kuhusu laptop tatu kati ya 20 tulizonunua kwenu. Majibu ni sentensi moja kwa zote tatu: "mazabodi imeungua kwa umeme mkubwa." Imeambatana na proforma (hati ya makadirio ya bei) ya mazabodi tatu, yaani bodi kuu za kompyuta, nje ya waranti. Waranti ni ya miezi 12, na kwa mujibu wa risiti ya EFD huu ni mwezi wa saba. Hakuna kipimo hata kimoja kilichoandikwa. Sisi tumepima, na vipimo vinapingana na ninyi.

Laptop hizi zinawaka. Ukichomeka chaja, alama ya plagi inatokea, ila betri haipandi hata asilimia moja. Wakati wa kuwaka unakuja ujumbe kwamba aina ya adapta haitambuliki, kisha prosesa inashuka chini ya GHz 1 na mashine inakuwa nzito. Betri ikiondolewa kabisa, mashine inaendelea kufanya kazi kwa umeme wa chaja peke yake. Fundi anayejua kazi yake angeanzia hapo. Umeme mkubwa ukiingia kwa njia ya chaja, kwa kawaida huanza na fyuzi na transista za mlangoni, pale umeme wa chaja unapoingilia kwenye mazabodi, na hizo zikifa, mashine haiwaki bila betri.

Chaja tumeziondoa kwenye mashaka kwanza. Zimeandikwa volti 19.5, ampea 3.34, wati 65. Zote tatu zilitoa kati ya volti 19.4 na 19.6, na zilichaji laptop nyingine za shehena ileile bila tatizo. Betri nazo ni nzima: ripoti ya Windows (powercfg /batteryreport) inaonyesha ujazo kamili wa zaidi ya mWh 39,000 kati ya 42,000 za kiwandani, na zikihamishiwa kwenye mashine nzima zinachaji. Kwenye BIOS (programu ya mipangilio inayoanza kabla ya Windows) hakuna kikomo cha kuchaji kilichowekwa. Tulichomoa chaja na betri, tukabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, tukarudisha, hakuna kilichobadilika. Mstari wa adapta kwenye BIOS bado unasoma "haijulikani."

Tatizo liko kwenye tundu la chaja na kikebo chake. Plagi ya chaja hii ina sehemu tatu: silinda ya nje ni hasi, ya ndani ni chanya, na pini nyembamba ya katikati haileti umeme wa kuendeshea mashine. Kazi yake ni kupeleka utambulisho kutoka kwenye chipu ndogo iliyo ndani ya adapta: mimi ni wa wati 65. Utambulisho usipofika, mashine hukubali umeme wa kujiendesha lakini hukataa kuchaji betri na hujipunguzia kasi. Ndiyo dalili tulizozieleza, moja baada ya nyingine.

Kikebo kina waya tano: mbili chanya, mbili hasi, moja ya pini ya katikati, nayo ni nyembamba kuliko zote, kama ya earphone. Tulipopima waya hiyo kutoka kwenye pini hadi kwenye soketi ya mazabodi, mashine mbili zilisoma omu 0.4, yaani waya inapitisha vizuri, kikebo kikiwa kimenyooka, na kukatika kabisa kikikunjwa. Ya tatu imekatika moja kwa moja. Zote zimeumia mahali pamoja, pale kikebo kinapopita kati ya mguu wa bawaba na kigingi cha skrubu. Kifuniko cha chini kikifungwa kinakibana kikebo, na kila skrini inapofunguliwa bawaba inakisugua. Nani alipitisha kikebo hapo? Si mwanafunzi, wala si TANESCO.

Kumaliza ubishi, tulihamisha kikebo kizima kutoka kwenye mashine inayochaji. Mgonjwa akachaji papo hapo na BIOS ikasoma wati 65. Kikebo kibovu kikaenda kwenye ile nzima, nayo ikaacha kuchaji. Tulirudia kwa zote tatu. Mazabodi iliyoungua haiponi kwa kubadilishiwa waya. Na msije mkasema tumevunja waranti: kijitabu cha matengenezo cha mtengenezaji kinaeleza hatua za kufungua kifuniko hicho, na hakuna stika iliyokatwa.

Tunaomba mfute proforma hiyo na mbadilishe vikebo vitatu ndani ya waranti. Hakuna cha kuchomelea. Ni soketi moja ya kuchomeka na skrubu moja. Kikebo kipya kipitishwe mbali na bawaba na kushikwa kwa tepu isiyoshika moto, la sivyo tutarudi kwenu baada ya miezi saba mingine. Mashine 17 zilizobaki nazo zikaguliwe. Hili lina haraka: ganda la waya likisagika zaidi, waya ya utambulisho inaweza kugusa chanya, volti 19.5 ziingie kwenye sakiti isiyozimudu. Hapo mazabodi itakuwa imeungua kweli, na sababu itakuwa kuchelewa kwenu.

Mkiendelea kushikilia kwamba ni umeme mkubwa, tupeni kwa maandishi volti mlizopima kwenye fyuzi ya mlangoni na pande zote mbili za transista ya kwanza, kwa kila mashine. Tunasubiri jibu ndani ya siku 14, baada ya hapo tutapeleka lalamiko Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, pamoja na vikebo vyenyewe.

Wenu,

Mafundi, Kitengo cha TEHAMA

Nakala: Mkuu wa Shule; Ofisi ya Manunuzi