Heri ya Pesach kutoka Nabugoye

Ndugu, jamaa na marafiki, shalom. Nawatakia heri ya Pesach, Pasaka yetu Wayahudi.

Masika yameshika, mwezi unakaribia kuwa mpevu, nami nimeomba likizo kazini Dar es Salaam ili nirudi kwetu Mbale, mashariki mwa Uganda. Mwaka huu nimekabidhiwa watoto niwafundishe. Kwenye karamu ya usiku wa Pesach, mdogo kuliko wote mezani ndiye huuliza kwa nini usiku huu ni tofauti na usiku mwingine wote, na ni lazima ajue anachokiuliza.

Dini hii niliikuta nyumbani, lakini ukubwani ndipo nilipoishika kwa moyo wangu mwenyewe. Sisi Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, tulianza na Semei Kakungulu, jemadari aliyeisoma Torati kwa makini hata akatahiriwa pamoja na wanawe, mwaka 1919. Kisha akaja Idi Amin, akaipiga marufuku ibada yetu. Masinagogi yakafungwa, watu wakasali kwa kujificha, na wengi wakahamia dini nyingine. Waliosalia walikuwa mia chache tu.

Amin aliangushwa tarehe 11 Aprili 1979, Kampala ilipoangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na Waganda waliopigana bega kwa bega nao. Jioni ya siku hiyo hiyo ndipo Pesach ilipoingia. Kila nikiliwaza hili mwili hunisisimka. Haggada, kitabu tunachokisoma mezani usiku wa Pesach, inamtaka kila mtu ajione kama yeye mwenyewe ndiye aliyetoka Misri, na wazee wetu hawakuhitaji kujilazimisha. Basi marafiki zangu wa Tanzania, mjue kwamba baba na babu zenu waliovuka mto Kagera wamo katika masimulizi ya meza yetu. Asanteni sana. Mungu awarehemu wale ambao hawakurudi.

Nawakumbuka pia vijana wa miaka ya 1980 waliokwenda kukaa pamoja kwenye kilima cha Nabugoye, wakaanza kuirudisha jumuiya iliyokuwa inazimika. Walikuwa rika langu. Ndiyo maana naona haya kusema niko bize nikiitwa kufundisha.

Jikoni pia kazi ipo. Unga ukishaguswa na maji, matza, mkate wetu wa Pesach usio na chachu, lazima iwe imeiva kabla ya dakika 18 kwisha, unga usije ukaumuka. Kwa hiyo mmoja anakanda, mwingine anasukuma, wa tatu anatoboatoboa kwa uma, na moto tayari unawaka. Haroseti, mchanganyiko mtamu unaoliwa usiku huo, yetu ni ya karanga, ndizi mbivu na asali. Matofaa ni ghali. Mandazi na chapati tunaziaga kwa siku nane.

Zaburi tutaziimba kwa Kiganda na Kiebrania. Atakayekuwa Mbale usiku huo asile peke yake: apande Nabugoye kabla jua halijazama, aulize nyumba yoyote. Mwenye njaa na aje ale nasi.

Chag Pesach sameach.