Lebo haitoshi kuainisha sabuni

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze yanayotukuta sisi waagizaji wadogo wa sabuni hapa Mombasa. Majuzi kontena yangu ilikwama Kilindini siku 11 kwa sababu ya tarakimu mbili za mwisho za msimbo wa forodha, yaani namba ya kuainisha bidhaa.

Sabuni ya mche haina ubishi: ya kuogea, hata ikiwa na dawa, ni 3401.11, ya kufulia ni 3401.19. Matata yako kwenye chupa. Sabuni ya maji iliyopikwa kwa mafuta na kostiki huingia 3401.20, ila kiosha mikono cha kemikali za povu, kikifungashwa kwa rejareja, ni 3401.30. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, na hata povu lake ni lile lile. Mzigo wangu ulikuwa wa aina hii ya pili, na nilitoa karatasi ya viambato kutoka kiwandani. Aliyekagua alisoma lebo tu, akaona neno sabuni, akaandika 3401.20.

Najua Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inanipa siku 30 kuomba uamuzi upitiwe upya, na Kamishna wa Forodha naye ana siku 30 za kujibu. Lakini gharama za kuhifadhi kontena hazingoji, basi mtu hulipa apate mzigo wake. Wenye mitaji mikubwa huvumilia, sisi wa Kongowea hatuwezi.

Naomba viambato visomwe kwanza, na penye shaka sampuli ipelekwe maabara siku ile ile ya ukaguzi.

Mwagizaji wa sabuni,
Kongowea, Mombasa