Ananihesabia vidonge kila usiku

Shikamoo Shangazi,

Ninakuandikia saa kumi alfajiri, nimeketi kwenye kigoda jikoni, kwa sababu nikilala chali kifua kinawaka moto na maji machachu yananipanda hadi kooni. Kiungulia nimekizoea. Kilichoninyima usingizi ni mume wangu, ambaye kila baada ya taarifa ya habari humimina ARV zangu, dawa za VVU, kwenye sinia na kuzihesabu mbilimbili kwa kidole, kama mwenye duka anayemshuku mtumishi wake.

Nilianza dawa mwaka 2014 na sijaruka hata siku moja, ukiacha zile siku 4 za msiba wa baba, ambazo nilizieleza kliniki mwenyewe. Miaka yote virusi havikuonekana kwenye kipimo. Safari hii vimevuka nakala 1,000 kwa mililita ya damu, na koo limeniuma kiasi kwamba hata uji ukipita nahisi umechanganywa na mchanga. Daktari akasema ni fangasi walioshuka kwenye umio, akaniandikia flukonazoli. Muuguzi wa ushauri nasaha akatamka, mume wangu akiwa pale pale, kwamba virusi havipandi vyenyewe, kuna mtu anaruka dawa. Tangu siku hiyo nahesabiwa. Hesabu haijawahi kukosea, Shangazi, na bado anahesabu.

Juzi mfamasia wa mtaa mwingine alinieleza kwamba dawa ya kiungulia yenye magnesiamu huishika dolutegravir, dawa iliyomo kwenye ARV yangu, tumboni isiingie mwilini ipasavyo, hivyo ARV imezwe angalau saa 2 kabla yake au saa 6 baadaye. Mimi karibu mwaka mzima nimemeza ARV chumbani, kisha nikatoka sebuleni kumeza ya kiungulia papo hapo. Sikuambiwa. Wala sikuuliza, nakiri.

Tatizo ni kwamba vidonge hivyo hununuliwa na mama mkwe, tunayeishi naye na ambaye hajui hali yangu. Hunikabidhi mwenyewe kila usiku na kusubiri nimeze. Nikimweleza mume wangu, atamkataza, na mama atataka kujua sababu. Nikinyamaza, kliniki wanataka miezi 3 ya ushauri kabla ya kurudia kipimo, na sinia litaendelea kutandazwa. Je, niende kwa daktari peke yangu, hata kama nitaonekana natafuta kisingizio, au nimwambie mama ukweli ambao nimemwapisha mwanawe asiutoe?

Sihitaji mume wangu aniombe radhi, ingawa jana alihesabu mara mbili.