Wanangu mnaohamia pembezoni, acheni njia

Wanangu mliokwisha kuhamia huku pembezoni mwa Dar es Salaam, Kivule, Majohe, Msongola na Chanika, na ninyi mnaopiga hesabu ya kuhama Sinza, Tandika au Buguruni mwakani,

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe. Nawaandikia kwa sababu kuwapata ana kwa ana nimeshindwa. Mnatoka saa kumi na moja alfajiri, mnarudi saa nne usiku. Geti limefungwa, mbwa anabweka, taa ya nje inawaka mchana kutwa. Nina neno, na haliwezi kungoja hadi sikukuu.

Jumamosi iliyopita tulimzika jirani yangu, fundi cherehani aliyewashonea watoto wa mtaa huu sare kwa miaka mingi. Gari lililoleta mwili liliishia kwenye transfoma, pale penye mwembe, kwa sababu mbele ya hapo gari halipiti. Tukashusha jeneza tukalibeba mabegani. Hatua kama mia mbili, jua la saa nne, hakuna aliyelalamika. Shida ilikuja kwenye kona. Ukuta huku, ukuta huku, na katikati upana wa mlango. Waliobeba ubavuni ikabidi waachie, wakabaki wa mbele na wa nyuma peke yao. Jeneza likagoma kukata kona. Tukalilaza ubavu, tukaliinua upande wa kichwa, tukalirudisha nyuma kidogo, likakwaruza plasta ya ukuta. Binti yake mdogo akapiga kelele, "Mnamwangusha baba!" Hatukumwangusha. Lakini kona ile tuliipita mara mbili siku hiyo, kumleta nyumbani kuagwa na kumtoa kwenda makaburini, na mara zote mbili mtoto yule alikuwa nyuma yetu anatazama.

Tangu hapo silali vizuri.

Mimi nilihamia hapa mwaka 1997, ule wa mvua za El Nino, kutoka Keko Magurumbasi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimechoka kulipa kodi ya chumba, watoto wanne tunapishana kwa zamu kitandani. Wakati huo huku kulikuwa mikorosho, miembe na mihogo. Aliyeniuzia ni bibi mmoja wa Kizaramo, mwenye shamba la wazazi wake. Hatukupimiana kwa mashine. Tulizunguka naye, yeye mbele na fimbo, mimi nyuma na panga, na kila alipochoma fimbo chini nilipanda mnyaa. Tulipofika upande wa bondeni nikataka ninyooshe mstari, maana kulikuwa na kijinjia kinakatiza pembeni ya kipande changu. Bibi akasimama juu ya kile kijinjia. Akaniambia, "Mwalimu, shamba nimekuuzia. Njia ya kisimani sijakuuzia. Hiyo siyo yangu."

Nikapinda mstari. Njia ikabaki.

Bibi alipofariki, wajukuu wakaanza kuuza vipande. Mwenye kipande akakata kipande chake, akauza robo. Kila mnunuzi alikuja na mchanga na tofali za inchi sita, akajenga hadi mwisho wa alichonunua, na wengine wakazidisha kidogo. Mimi nami mwaka 2008, nilipopata kiinua mgongo, nilijenga ukuta. Nilifuata minyaa ya bibi, ila upande wa njia nilisogea nje hatua moja na nusu. Nilijiambia kila mtu anafanya hivyo. Kona iliyokwaruzwa na jeneza, ukuta wa kushoto ni wa kwangu.

Ndiyo maana nasema nanyi bila kuzunguka. Huku pembezoni watu wanatangulia, serikali inafuata. Mjini ulikuta barabara, mtaro na bomba, ukapanga chumba. Huku unakuta shamba. Barabara, mtaro na bomba vitapita pale tu ambapo wewe na jirani yako mtakuwa mmeacha nafasi. Msipoiacha sasa, atakayekuja kuitafuta baadaye atakuja na tingatinga.

Jiji hili lilihesabiwa watu milioni 4.36 mwaka 2012. Sensa ya 2022 ikakuta milioni 5.38, na hapo hujawahesabu waliovuka mpaka wakaingia Mkoa wa Pwani, kule Mapinga, Kiluvya, Kisarawe na Vikindu, ambao kila asubuhi wanaingia mjini kama sisi. Watu hao wote wanalala mahali fulani, na wengi wanalala kwenye kilichokuwa shamba la mtu, kilichokatwa vipande na dalali.

Kama mnataka kuona njia iliyoachwa inafanana vipi, siku moja nendeni Buyuni, ng'ambo ya Chanika, au Kibada kule Kigamboni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wizara ya Ardhi ilipima viwanja elfu ishirini pembezoni mwa jiji, na Buyuni na Kibada vilikuwemo. Miaka ya mwanzo tulipita tukaona nyasi na mapagale, tukasema waliochukua viwanja huko wamejitakia upweke, maji hakuna, usafiri hakuna. Tulikosea. Nyumba zimekuja, na njia zilikuwa tayari zinazisubiri. Sisi tulikuwa na nyumba mapema, njia ndiyo tunayoitafuta sasa.

Ninyi mnaotaka kununua, njooni masika. Dalali atakuleta Januari, vumbi limetulia, mchicha umestawi bondeni, atakwambia hapa ni tambarare. Mwambie tuonane mwezi wa nne. Vaa buti, simama kwenye hicho kiwanja mvua inanyesha, utazame maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Maji yana njia yake na hayahami kwa sababu wewe una risiti. Mto Mzinga umekula nyumba huku kwetu. Mwaka wa kwanza uko mita thelathini kutoka jikoni, masika moja unakata ukingo, masika ya pili choo kinaning'inia, ya tatu watu wanahamisha mabati usiku. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imesema mita 60 kutoka ukingo wa mto kusifanyike shughuli ya kudumu. Wengi wanaiona kama sheria ya kuwanyima maskini kiwanja cha bei nafuu. Nimewasaidia majirani watatu kuhamisha mabati, na mimi siioni hivyo.

Njoo na tepu yako. Dalali anauza "ishirini kwa ishirini" na anapima kwa hatua za miguu yake. Ishirini za hatua si ishirini za mita, na mwenye miguu mifupi ndiye anayepewa kazi ya kupima. Ukimaliza kupima, uliza swali moja ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi: gari litaingilia wapi? Usikubali kuoneshwa uwazi tu na kuambiwa "hapa patakuwa njia". Huo uwazi una mwenyewe, naye atauuza. Njia iandikwe kwenye karatasi ya mauziano, kwa mita, na wanaopakana nayo wasaini.

Juu ya saini nina maneno zaidi, kwa sababu hapa ndipo nimeona watu wazima wakilia. Ardhi ya huku kwa kiasi kikubwa ni ya urithi. Kijana mmoja wa ukoo anakuuzia, anakuonesha barua, mnakwenda serikali ya mtaa, mnagongewa muhuri. Miaka miwili baadaye, umeshafika kwenye lenta, wanatokea shangazi wawili kutoka Kisarawe wanauliza nani amejenga juu ya makaburi ya baba yao. Muhuri wa mtaa unashuhudia kwamba mliuziana. Hauthibitishi kwamba aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza. Kaeni na ukoo wote, wanawake wakiwemo, maana hao ndio husahaulika siku ya kuuza na hukumbukwa siku ya kesi. Kama ni nyumba ya wanandoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume kuuza bila ridhaa ya mke, wala mke bila ya mume. Halafu nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri, uombe kuangalia ramani: eneo lile limetengwa kwa makazi, shule, au msitu? Chanika inapakana na msitu wa Kazimzumbwi, na wapo waliouziwa ndani yake.

Na barabara kubwa zina hifadhi yake, eneo la kando lisiloruhusiwa kujengwa. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilivunjwa kutoka Kimara hadi Kiluvya kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Hifadhi pale ilihesabiwa mita 121.5 kila upande. Katika waliovunjiwa wapo waliokuwa wamezaa na kulea wajukuu mle ndani. Niliwaona watu wamekaa juu ya kifusi na makochi yao kando ya lami.

Umeme na maji sitasema mengi, mtayaona wenyewe. Nguzo huja kwa kuchangishana na kufuatilia, maji ya kisima mengi yana chumvi, na boza halipiti kwenye kichochoro. Ila kisima na shimo la choo kwenye ishirini kwa ishirini ni ndugu wanaolala kitanda kimoja. Ongea na jirani kabla hujachimba, ili choo chako kisikae mgongoni mwa kisima chake.

Kuhusu kazi, hapa nawaonea huruma. Najua mnavyogeuza na gari: mtu anapanda daladala kurudi nyuma hadi mwanzo wa ruti ili apate siti, analipa nauli mara mbili, ndipo anaanza safari ya Kariakoo. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia za bonde la Msimbazi zilipelekwa Mabwepande, zikapewa viwanja. Wapo waliorudi bondeni, kwenye maji yaleyale, kwa sababu riziki yao ilikuwa mjini. Msiwaone wajinga. Pigeni hesabu ya nauli ya mwezi mzima, ya mke, mume na watoto, muijumlishe kwenye bei ya kiwanja kabla ya kusema ni cha bei rahisi.

Watoto, tafadhali, wahamisheni shule. Nimefundisha miaka thelathini na moja. Mtoto anayesubiri daladala gizani, anayesukumwa na konda kwa sababu nauli yake ni ya mwanafunzi, akifika darasani analala. Nimewafunika wengi kwa kanga ya mwalimu wa zamu nikawaacha walale. Shule za huku zina uhaba wake, madawati na walimu, nakiri. Lakini ukimleta mwanao, na wewe utakuja kwenye kikao cha wazazi, na shule itapata mtu wa kuidai halmashauri.

Ndipo narudi kwenye njia. Mkutano wa mtaa unapoitishwa, wanaokuja ni wazee, wapangaji wa vyumba vya uani na mama wauza vitumbua. Wenye kuta ndefu hamji. Urasimishaji, yaani kupimwa kwa makazi yaliyojengwa bila mpango, ukija kwenye eneo letu, mpima hawezi kuchora njia hewani. Kila mmoja ataombwa atoe kidogo upande wake, na asiyekuwepo kwenye kikao atakuja na wakili kuuliza nani kaingia kwake. Mama mjamzito wa nyumba ya tatu kutoka kwangu alibebwa kwa mkokoteni usiku wa manane hadi kwenye transfoma, ndipo akapata bajaji. Alijifungua salama. Mtoto wao sasa anakimbia, na njia ni ileile.

Jumapili iliyopita baada ya ibada niliitisha watu wa kichochoro chetu chini ya mwembe. Tukaja saba. Tumekubaliana mita tatu na nusu, kutoka transfoma hadi bondeni, kila upande urudi nyuma kwa kadiri alivyozidi. Jumamosi saa mbili asubuhi fundi anakuja kwangu na nyundo. Nabomoa kona na urefu wa ukuta wote wa upande ule, tofali zitakazopona nitazitumia tena. Minyaa miwili ya bibi bado ipo ndani ya uwanja wangu, nayo itanionesha pa kusimamia.

Ukuta wa kulia ni wa mmoja wenu, kijana aliyehamia mwaka juzi, geti jeusi. Nimekwenda mara tatu sijamkuta. Juzi nikamsubiri kituoni hadi saa nne usiku, akashuka na begi lake mgongoni, tukaongozana kwa tochi ya simu. Nilimwonesha alama ya jeneza kwenye plasta. Alipitisha mkono pale, akakaa kimya, halafu akaniambia, "Mzee, nipe hadi Ijumaa nikaongee na mke wangu."

Ni mimi mzee wenu,
Mwalimu mstaafu, Kivule