Mtoto wa mbwa anatafuta familia, si mnyororo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini. Tuna mtoto wa mbwa, jike wa rangi ya kahawia, tuliyemtoa mtaroni karibu na soko la samaki la Feri, hapa Mtwara. Sasa anakula ugali na dagaa vizuri, dawa ya minyoo amepewa, na tunamtafutia familia.

Wengi waliojitokeza wanataka mlinzi wa shamba la korosho. Sina ugomvi na korosho, ndiyo inayotulisha, lakini mbwa wa miezi miwili hamlindii mtu kitu. Akifungwa mnyororo peke yake porini atakua mwoga, na mbwa mwoga ni mwepesi wa kuuma. Wengine walighairi waliposikia ni jike. Jamani, mbwa hufungwa kizazi! Daktari wa mifugo atawaeleza umri unaofaa.

Tunataka nyumba yenye ua, mtu mzima anayeshinda nyumbani, na watoto wanaoelekezeka kwamba mbwa akila haguswi. Akifikisha miezi mitatu achanjwe kichaa cha mbwa, kisha kila mwaka. Mpangaji azungumze kwanza na mwenye nyumba. Majirani nao waulizwe: wengi wetu huku ni Waislamu, na wapo wasiopenda mate ya mbwa yaguse nguo za swala. Banda liwe mbali na mlango wao.

Hatumuuzi. Tutaomba tu kuja kumtazama mara mojamoja. Asiyetaka kutembelewa asijisumbue.

Mkazi wa Shangani,
Mtwara