Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wapiga Mbizi wa Kazi

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazifahamu: mafunzo ya huduma ya kwanza yamefanyika, helmeti za mazoezi zimekaguliwa, kamati imekutana kama katiba inavyotaka.

Niende kwenye uamuzi uliozua maneno. Mfuko wa msaada wa kisheria hautagharamia madai ya mwanachama asiye na daftari la mbizi (anamoandika kila mbizi aliyopiga) lililosainiwa na msimamizi siku ileile. Pendekezo nililileta mimi, na bado nalisimamia. Walioniita mtetezi wa waajiri wamenikosea.

Mwajiri anawajibika kuweka msimamizi, mpiga mbizi wa akiba aliyekwisha kuvaa, hewa ya dharura na, panapohitajika, chemba ya shinikizo, yaani chumba cha kumtibu aliyeugua kwa mapovu. Marekani, kwa mbizi ya hewa inayoletwa kwa mpira kutoka juu, inayopita kina cha futi 100, chemba iwe umbali usiozidi dakika 5. Lakini kuonyesha kwamba amekiuka hakutoshi. Lazima uonyeshe kwamba ukiukaji huo ndio uliokuumiza. Bega likishikwa na mapovu ya naitrojeni, yale yanayojitokeza mwilini ukipanda haraka, wakili wa mwajiri atauliza: ulifika kina gani, ulikaa dakika ngapi, ulisimama wapi wakati wa kupanda, ulipumzika muda gani kabla ya kushuka tena? Ukikosa jibu, atadai jedwali la kupanda (linalopanga muda wa kukaa na kusimama) ulilivunja mwenyewe, au uliumia kwenye kibarua kingine.

Rekodi ya mwajiri msiitegemee. Uingereza humtaka aitunze miaka 2. Marekani mwaka 1, au 5 palipotokea ugonjwa wa mapovu. Mfupa wa bega au nyonga unaweza kuonyesha umekufa miaka mingi baadaye, wakati karatasi za mwajiri zilishatupwa. Uingereza ukomo wa kufungua shauri ni miaka 3, na unaweza kuhesabiwa tangu siku ulipojua madhara. Kwa hiyo tunzeni pia vyeti vya daktari vyenye tarehe.

Mkataba ukikuita mkandarasi binafsi, usikate tamaa: mahakama huangalia pia nani alipanga kina, nani alitoa vifaa, nani aliamuru lini upande juu. Hayo nayo yaandikwe.

Mahudhurio yanasikitisha. Mkutano wa kujadili jambo hili uliahirishwa mara mbili kwa kukosa akidi. Wanaolalamika zaidi hawakuonekana. Walio wengi hawajalipa ada, na mfuko wanaoudai hauna chanzo kingine.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kumpata wakili anayezijua kazi zetu. Madaftari mapya yako kwa katibu.

Mwenyekiti